Simu inayosikilizwa haipigi kelele: jibu kwa mwalimu wa Chake Chake

*"Assalaam alaykum. Mie ni mwalimu wa skuli hapa Chake Chake. Kaka yangu yuko Maskati mwaka wa tisa sasa, na tangu baba afariki tunawasiliana karibu kila siku kwa WhatsApp: habari za mama na presha yake, mambo ya mikarafuu ya urithi, na mara nyengine siasa, maana kaka ni mtu wa kusema. Toka intaneti ilipozimwa wakati wa uchaguzi, nyumba yetu imeingia hofu. Nikipiga simu ya kawaida nasikia tik, tik, na mwangwi wa sauti yangu mwenyewe. Shemeji kaleta ujumbe katika grupu la familia kwamba tiki tatu maana yake serikali imeshausoma ujumbe wako, na kwamba ukibonyeza \*#21# utajua kama simu yako inasikilizwa. Nimebonyeza, yakaja maneno nisiyoyafahamu. Mama hataki tena kutuma sauti, anasema 'wanasikiliza'. Mume wangu yeye anasema asiye na kosa hana la kuogopa. Naomba unieleze ukweli: wanaweza kutusikia au hawawezi? Na tufanye nini?"*

Waalaykum salaam, Mwalimu. Umeuliza maswali mawili, lakini lililonishika mimi ni la mama. Bibi mwenye presha, aliyezoea kumwambia mwanawe wa Maskati ameamkaje, sasa amenyamaza. Hata kama hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuisikiliza familia yenu, hasara imeshaingia ndani ya nyumba. Nitalirudia hilo. Kwanza nikutoe wasiwasi usio na msingi, halafu nikuoneshe wenye msingi.

Ile tik, tik si dalili ya kusikilizwa. Zamani, simu za waya zilipokuwa juu ya nguzo, aliyetaka kusikiliza alibana vyuma vyake kwenye waya ule ule unaopitisha sauti yako. Umeme ukapungua kidogo, na sikio likapata mkwaruzo au mlio. Imani hiyo imebaki kwa watu ingawa mitambo imebadilika. Leo sauti yako inageuzwa tarakimu tangu ndani ya simu, na anayeinasa anapata nakala ya tarakimu hizo kwenye mtambo wa kampuni ya simu. Nakala haipunguzi kitu kwenye asili yake. Tik tik na mwangwi unaousikia mara nyingi hutoka kwenye mnara uliojaa watu, au kwenye simu ya upande wa pili ambayo kipaza sauti chake kinairudisha sauti yako kwenye maiki yake. Mjaribu kaka yako: mwambie atie waya wa masikioni, na mwangwi mwingi utakatika.

Na \*#21# haihusiani na upelelezi kabisa. Inakuonesha kama simu zinazokuja kwako zimeelekezwa ziende kwenye namba nyengine. Yale maneno usiyoyafahamu ni orodha ya huduma, yaani sauti, data, faksi, meseji, na mbele ya kila moja imeandikwa kama imeelekezwa au la. Kama zote zimesema haijaelekezwa, basi ndivyo ilivyo. Namba hii ina faida yake, maana matapeli huwapigia watu wakawaambia wabonyeze \*\*21\* ikifuatiwa na namba fulani, na tangu hapo simu za benki na za pesa za mtandaoni zinakwenda kwa tapeli. Ukiona namba usiyoijua, bonyeza ##002# kuondoa maelekezo yote. Tapeli mwenyewe mpeleke 15040, namba ya kuripotia utapeli wa simu. Lakini serikali ikitaka kukusikiliza haina haja ya kuelekeza simu yako popote.

Tiki tatu hazipo. Tiki moja ujumbe umeondoka, mbili umefika, zikigeuka buluu umesomwa, kama aliyesoma hakuizima alama hiyo. Uzushi huu umezunguka nchi nyingi kabla ya kufika kwenu, na kila ulikopita umebadilishiwa jina la serikali tu. Mwambie shemeji kwa upole, asijione kadhalilishwa mbele ya grupu.

Sasa jibu lako la msingi. Kusikilizwa kunawezekana, ndiyo, lakini inategemea umetumia njia gani. Na jambo gumu kuliko yote ni kwamba kukifanywa vizuri hutakujua, kwa sababu hakuna mlio wala alama, wala betri haimaliziki mapema.

Nikuoneshe kwa jicho. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kuunganisha nyaya za mwanga. Unauvua waya nguo zake moja moja, nguo ya nje nyeusi, nyuzi za nguvu, kimrija cha rangi, mpaka unafika kwenye uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Unaupangusa kwa spiriti, unaukata kwa kisu chake maalumu, unaulaza kwenye mashine, na kwenye kioo kidogo unaona ncha mbili zinakaribiana. Cheche moja, zimekuwa kitu kimoja. Mazungumzo ya mji mzima yanapita hapo kwa njia ya mwanga. Kuna kifaa kidogo, unaweza kukifumba kiganjani, kinachoingiza uzi mmoja na kutoa mbili. Mwanga unagawika, nusu unaendelea na safari yake, nusu unapelekwa kwengine. Huko mbele mwanga unafika dhaifu kidogo, lakini mitambo imewekewa nafasi ya kuvumilia udhaifu huo. Mteja hajui. Fundi wa mwisho wa waya hajui.

Si jambo la kubuni. Mwaka 2006 fundi mstaafu wa kampuni ya simu ya AT&T ya Marekani, Mark Klein, alieleza hadharani kuhusu chumba namba 641A katika jengo la Folsom Street, San Francisco. Nyaya za intaneti zilikuwa zimegawiwa kwa vifaa vya namna hiyo, nusu ya mwanga ikienda kwenye chumba cha shirika la usalama la NSA. Kuanzia Juni 2013 nyaraka za siri alizozitoa Edward Snowden, aliyekuwa akiifanyia kazi NSA, zikaonesha kwamba kile kilikuwa kichuguu kimoja katika shamba zima. Waingereza nao walikuwa wakichota kwenye nyaya za baharini kwa mradi ulioitwa Tempora, na kwa mradi mwengine, PRISM, NSA ilikuwa ikipata data kutoka kwa makampuni kama Google, Microsoft na Facebook. Kuna lililo karibu zaidi na sisi. Mwaka 2014 ikaandikwa kwamba kupitia mradi wa MYSTIC Wamarekani walikuwa wakikusanya kumbukumbu za simu za Kenya: nani kampigia nani, saa ngapi, kwa muda gani.

Sisi Wazanzibari tusijione tumekaa pembeni ya mambo haya. Waya wa telegrafu wa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879, ukaendelea Msumbiji hadi Durban, na jengo la zamani la mawasiliano lingalipo Shangani, leo ni hoteli. Aliyemiliki nyaya ndiye aliyesoma. Vita vya 1914 vilipoanza, Waingereza walikata nyaya za Wajerumani chini ya bahari. Wajerumani wakalazimika kupitisha telegramu zao kwenye njia za wengine, na Januari 1917 telegramu ya waziri wao wa mambo ya nje, Zimmermann, ikanaswa na kusomwa London. Leo intaneti yetu inatoka kwa nyaya kama SEACOM na EASSy, zilizotua Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010. Ujumbe wako kutoka Chake Chake unavuka bahari kwanza, unapita Dar, unaingia nyaya hizo, unafika kwenye mitambo ya nchi za mbali, ndio unakwenda Maskati. Njiani kuna mikono mingi, na mkono wa serikali yetu ni mmoja tu kati yake.

Sasa tofautisha barua na bahasha.

Simu ya kawaida na meseji ya kawaida ni barua isiyofungwa. Kuna kinga kati ya simu yako na mnara, lakini ikifika kwenye mtambo wa kampuni iko wazi. Mwenye amri halali anaweza kupewa, na mwenye mkono mrefu bila ya amri naye anaweza kujipatia. Kwa hiyo mazungumzo ambayo kweli ni ya siri yasipite huko.

WhatsApp, tangu Aprili 2016, inaifunga barua mwanzo hadi mwisho. Ufunguo mmoja uko kwenye simu yako, wa pili kwenye simu ya kaka, na waliopo katikati wanapitisha kitu kilichovurugwa wasichoweza kukisoma, hata kampuni yenyewe. Sauti za mama zimo humo. Anayechota kwenye waya anazibeba kama pakacha lililoshonwa mdomo, hajui ndani mna embe au mna makumbi. Signal, programu nyengine ya ujumbe, inafanya hivyo hivyo. Telegram, watu wengi wanadhani nayo ni hivyo, lakini mazungumzo yake ya kawaida hayafungwi kwa namna hii. Ni yale ya siri tu, tena lazima uyawashe mwenyewe.

Bahasha ndiyo inayobaki wazi. Kampuni ya simu inajua umetumia WhatsApp saa nne usiku, data kiasi gani, ukiwa chini ya mnara upi. WhatsApp wanajua umewasiliana na namba ya Oman na mara ngapi. Na laini zetu, tangu usajili wa alama za vidole ulioanza Mei 2019, zimefungwa na kitambulisho cha mtu, kwa hiyo bahasha ina jina kamili la mpelekaji. Usiidharau. Mtu akijua kwamba umempigia daktari wa moyo mara tatu kwa wiki, kisha kaka yako, kisha wakili wa mirathi, hana haja ya kusikia neno. Mimi naogopa bahasha kuliko barua, kwa sababu barua tumeshapata dawa yake.

Nikueleze mfano wa makampuni mawili uone. Mwaka 2016 mahakama moja ya Marekani iliitaka Signal itoe habari za mtumiaji. Walichokuwa nacho ni siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipotumika mara ya mwisho, basi, kwa sababu walichagua tangu mwanzo kutoweka zaidi. Mwaka huo huo, Desemba, hapa kwetu Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa kwa kutotoa habari za watu walioandika kwenye jukwaa lake. Aprili 2020 alitiwa hatiani katika moja ya kesi zake, faini shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Mitandao iliyoweka habari itadaiwa habari. Unapochagua programu, uliza wanaweka nini, maana ahadi ya kutotoa haisimami mbele ya amri.

Nije kwenye sheria, kwa ufupi, maana mimi ni mtu wa nyaya. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 15, inalinda faragha ya mtu, familia yake, makaazi yake na mawasiliano yake binafsi. Katiba ya Muungano ina kifungu cha 16 kwa maana hiyo hiyo. Posta na simu ni jambo la Muungano, kwa hiyo sheria nyingi zinazokugusa ni za Muungano. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, kifungu cha 120, inafanya kuwa kosa kunasa mawasiliano ya mtu bila ya mamlaka halali. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002, kifungu cha 31, inamruhusu polisi kunasa, lakini apate kwanza idhini ya maandishi ya Mwanasheria Mkuu, kisha aombe mahakamani. Mpaka hapo kuna mlango na bawabu. Halafu ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kifungu chake cha 32 kinampa ofisa wa polisi uwezo wa kuamuru data itolewe kwa uchunguzi. Jamii Media, wenye JamiiForums, walikipinga Mahakama Kuu, hawakufanikiwa. Iko pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kazi 1 Mei 2023, na Tume yake. Hiyo itakufaa kampuni au ofisi ikichezea taarifa zako, lakini mambo ya usalama wa taifa yamewekewa nafasi ya kutoka nje yake.

Kuzimwa kwa intaneti, lile la Oktoba 2025, na kubanwa kwa mitandao Oktoba 2020, ni jambo jengine. Kufunga barabara na kupekua mizigo ni kazi mbili. Aliyezima mtandao hakuhitaji kusoma ujumbe wako hata mmoja. Naelewa kwa nini moyo wako umeyaunganisha. Siku zile nami nilikaa na simu mkononi kama kipande cha ubao, sijui watu wangu wamelalaje. Ila usichukue kuzimwa kwa mtandao kama ushahidi kwamba grupu lenu linasomwa.

Nataka sasa niseme na mume wako, kwa heshima zote, maana neno lake wanalisema wengi wenye nia njema. Asiye na kosa hana la kuogopa. Shehe, nyumbani kwako kuna pazia mlangoni. Kuna kosa gani linalofanyika nyuma yake? Mgeni akifika anapiga hodi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na asipojibiwa anaondoka. Hatukujifunza adabu hiyo kwa sababu majumba yetu ni ya wahalifu. Tumefundishwa katika Suratun Nuur tusiingie nyumba za watu mpaka tupate idhini na tuwatolee salamu, na katika Al-Hujuraat tusipelelezane. Tunaiita stara, na stara ni haki ya mtu mwema kabla ya kuwa kimbilio la mwovu.

Kisa cha Sayyidna Umar masheikh wetu hukisimulia, nawe huenda umekisikia. Alikuwa akizunguka Madina usiku, akasikia sauti ndani ya nyumba, akapanda ukuta, akamkuta mtu na ulevi wake. Yule mtu akasema: mimi nimemuasi Mungu kwa moja, na wewe Amirul Muuminina kwa matatu. Mungu kasema msipelelezane, nawe umepeleleza. Kasema ziingieni nyumba kwa milango yake, nawe umepanda ukuta. Kasema msiingie bila ya idhini na salamu, nawe umeingia hivyo. Umar, pamoja na ukali wake na mamlaka yake, akamwacha. Tazama kwamba yule mtu alikuwa na kosa kweli. Kosa lake halikumpa mtawala ruhusa ya kupanda ukuta.

Sisemi dola isisikilize mtu yeyote. Wapo wanaosafirisha unga, wapo wanaouza watoto, wapo wanaotapeli wazee kiinua mgongo chao, na simu zao zikinaswa kwa kibali cha jaji mimi nitalala vizuri. Ninachotaka ni mlango na hodi: jaji asiyekuwa upande wa mpelelezi, jina la mtu maalumu, muda wenye mwisho, na mtu aambiwe baadaye, uchunguzi ukishakwisha. Hilo la mwisho wengi hulisahau. Nimekwambia kusikilizwa hakuna mlio. Basi mtu asipoambiwa hatajua kamwe, na asiyejua hawezi kushitaki hata akidhulumiwa. Afrika Kusini mwandishi wa habari Sam Sole aligundua kwamba simu zake zilikuwa zimenaswa. Kituo chake, amaBhungane, kikaenda mahakamani, na tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Katiba ikasema sheria yao ya kunasa mawasiliano ina kasoro, mojawapo ikiwa ni kutomjulisha aliyenaswa. Ikasema pia kwamba ule unasaji wa jumla, wa kuchota kila kitu kwenye waya, haukuwa na sheria ya kuuruhusu. Jambo hilo linawezekana Afrika, na linaweza kudaiwa hapa pia kwa njia za kistaarabu, na wawakilishi wetu waulizwe.

Na madhara ya kutojua si ya kufikirika. Mtafiti Jon Penney alitazama usomaji wa Wikipedia na mwaka 2016 akachapisha alichokiona: baada ya habari za Snowden za Juni 2013, kurasa zinazohusu mambo ya ugaidi zilisomwa kidogo kuliko kabla. Watu walikuwa wanasoma kamusi elezo, jambo halali kabisa, wakaacha. Hakuna aliyewakataza. Mama yako ni mmoja wao.

Sasa la kufanya. Hatari kubwa kwa familia kama yenu haiko kwenye waya wa baharini, iko kwenye simu yenyewe. Aliniletea simu mama mmoja, analia kwamba anafuatwa na watu wa usalama kwa sababu jamaa zake wanayajua maneno yake ya siri neno kwa neno. Nikafungua WhatsApp yake, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, nikakuta kompyuta moja imeunganishwa kwa miezi. Alikuwa ameipeleka simu kwa fundi, kaiacha na namba ya kufungulia. Tukaiondoa, maneno yakakoma. Kwa hiyo anzia hapo: fungua mipangilio, tazama vifaa vilivyounganishwa, usichokijua kitoe. Washa uthibitisho wa hatua mbili, ile namba ya tarakimu sita, ili mtu akiiba laini yako asiingie kwenye akaunti. Simu ikienda kwa fundi, ukae nayo hapo hapo dukani kama unaweza.

La pili ni bakapu, yaani nakala ya akiba ya mazungumzo yako, na hapa ndipo watu wengi wamevuja bila ya kujua. WhatsApp imefungwa njiani, lakini nakala inayopandishwa kila usiku kwenye Google au iCloud haina kufuli hilo mpaka uliweke mwenyewe. Inakaa kwenye mitambo ya nje, chini ya sheria za nje, na sheria ya Marekani ya upelelezi, FISA, kifungu cha 702, inaziruhusu taasisi zao kuchukua data za wageni walio nje ya nchi bila ya kibali cha jaji kwa kila mtu. Katiba ya Zanzibar haifiki huko. Tangu 2021 unaweza kuifunga bakapu kwa neno lako la siri. Liandike mahali, ulihifadhi pamoja na hati za shamba, kwa sababu ukilisahau hakuna wa kukufungulia. Kaka afanye hivyo hivyo kwake, maana mazungumzo ni ya watu wawili na mlango wa mmoja ukiwa wazi nyumba yote iko wazi.

Kuhusu grupu la familia lenye watu arobaini: usiseme humo usilolisema barazani. Hakuna teknolojia inayomzuia binamu kupiga picha ya skrini. Siasa za kaka ziwe za watu wawili, na ujumbe unaojifuta wenyewe baada ya siku au wiki ni mzuri, ila haumzuii mtu aliyekwishaunakili.

VPN, yaani programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye mtambo wa mtu mwengine kwanza, utaambiwa ndiyo dawa. Inaficha bahasha kwa kampuni yako ya simu, lakini inamkabidhi bahasha hiyo hiyo mwenye VPN, ambaye humjui, na zile za bure nyingi zinaishi kwa kuuza habari za watu. Tena hapa nchini mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitaka Oktoba 2023 wanaozitumia wajiandikishe. Kwa mazungumzo yako na kaka, ambayo yamefungwa tayari, sioni inakuongezea nini kinachostahili usumbufu huo.

Kuna programu za kijasusi kama Pegasus, zinazoingia ndani ya simu na kusoma barua kabla haijafungwa. WhatsApp waligundua mwaka 2019 kwamba simu zipatazo 1,400 zilikuwa zimeshambuliwa hivyo, nyengine kwa kupigiwa simu tu. Zipo, ni ghali, na hulengwa waandishi, mawakili na wanasiasa. Kaka yako kama kweli ana nafasi kubwa ya kusema hadharani, asasishe simu yake kila toleo jipya likitoka, na akiona kitu cha ajabu aipeleke kwa mtaalamu mkono kwa mkono. Hilo halitibiwi kwa maandishi.

Na wewe kuna wakati jibu langu halitoshi. Ukiitwa kituoni kwa jambo ulilosema au kutumiwa, au simu yako ikitakiwa, usiende peke yako na usifute kitu chochote, kwa sababu kuharibu data inayohusu uchunguzi ni kosa lenyewe, na mtu asiye na hatia hujitia hatiani kwa hofu. Omba uoneshwe karatasi, uandike jina la ofisa na tarehe, na umtafute wakili. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichopo tangu 1992, kinasaidia watu wasio na uwezo na kinafika Pemba pia. Ukiamini kampuni imetoa habari zako bila ya haki, malalamiko yapeleke TCRA au Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa maandishi, na ubaki na nakala.

Kwa usiku wa leo, kuna jambo dogo la kufanya mbele ya mama. Fungua mazungumzo yako na kaka, gusa jina lake, kisha gusa palipoandikwa kuhusu usimbaji, ndio huko kufungwa kwa barua. Itatokea orodha ya tarakimu sitini, imepangwa tano tano. Kaka afungue yake. Halafu mpigie kwa simu ya kawaida, ile ile yenye tik tik, akusomee tarakimu zake nawe ufuate kwa kidole. Tarakimu hizo si siri, mwenye kusikia asikie. Kinachotakiwa ni sauti unayoijua na namba zinazolingana. Zikilingana zote, hakuna aliyekaa katikati yenu. Mwachie mama ashike simu, afuate zile za mwisho mwenyewe, kisha mwambie amtumie mwanawe sauti, amueleze presha ya leo ilikuwa ngapi.